True Darkness kwenye Minecraft: mwenge umepata kazi

Kwenye mipangilio ya picha ya Minecraft, ile gemu ya kuchimba na kujenga kwa vipande vya mraba viitwavyo bloku, kuna kitelezi cha mwangaza. Ukikivuta kushoto kabisa kinaandika Moody, ukikivuta kulia kabisa kinaandika Bright. Sijakutana bado na mchezaji aliyekiacha kushoto. Tunakivuta kulia siku ya kwanza, kisha tunashinda mapangoni tukiona kila jiwe na kila ukingo wa shimo, na zombi akitokea tunamwona tangu yuko mbali anajikokota. Hata ukijitia uungwana ukakirudisha kushoto, gemu bado inakuachia kijivu fulani cha kukuonea huruma. Pango ambalo halijaona jua tangu dunia hiyo iumbwe, unaingia mikono mitupu na njia unaisoma.

True Darkness inaiondoa hiyo huruma. Ni modi ndogo ya bure, yaani nyongeza ya kubadilisha gemu, ya Java Edition (Minecraft ya kompyuta), ilitengenezwa kwanza na mtu anayejiita grondag kwa ajili ya Fabric, programu ya kupakia modi, na wengine wakaendelea kuihamishia kwenye matoleo mapya. Kazi yake ni moja tu: pasipo na mwanga panakuwa peusi. Peusi tii, ule weusi wa kufumba macho na kufumbua ukaona ni yale yale. Haiongezi zimwi hata moja, haipunguzi mioyo yako ya uhai, haigusi makali ya upanga wako. Zombi ni yule yule na shimo ni lile lile.

Mimi mchana nashika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Gemu naicheza usiku, vyombo vikishaoshwa, na aliyenifundisha ni mpwa wangu, mtoto wa kaka, yuko kidato cha pili. Laptop yangu ni ya kazi, haina kadi ya picha ya kujivunia, kwa hiyo modi nyingi nzuri nazisoma tu. Hii haikuniongezea mzigo wowote niliouona. Feni ilipiga kelele zile zile ilizokuwa inapiga zamani. Kuiweka hakuna maajabu: unasimika Fabric, unatupa faili la modi kwenye folda ya mods, unahakikisha toleo lake linalingana na toleo la gemu yako, basi.

Nje kwanza. Siku nzima ya Minecraft ni dakika 20 za saa ya ukutani, na usiku wenyewe ni kama dakika 7 ukiacha machweo na mapambazuko. Dakika 7 zilikuwa si kitu. Nilikuwa nazimaliza nikivuna ngano. Sasa jua likigusa kilima naanza kutafuta mlango, kwa sababu mwezi wa gemu una sura 8 na modi inazihesabu zote. Mwezi ukiwa mpevu unaona vizuri tu: njia, uzio, kondoo. Kila usiku unaofuata unapungua, mpaka unafika usiku ambao mwezi haupo na ardhi imekwisha kabisa. Nyota zipo, lakini nyota za Minecraft hazimulikii mtu. Vilima unavijua kwa pale nyota zilipokatika.

Hapa ziwani wavuvi wa dagaa huvua usiku wa kiza kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wengi hupumzika kwa sababu taa zao hazivuti tena. Mimi kalenda yangu ya kwenye gemu ni kinyume chao. Mbalamwezi natoka, natembea mbali, natafuta kijiji kipya. Mwezi ukififia nashuka chini kuchimba, maana chini ni kiza kila siku na mwezi hauna la kunisaidia huko. Sikuwahi kuwa na kalenda kwenye gemu hii kabla. Nilikuwa sijui hata kwamba mwezi wake unabadilika sura, na nimeicheza miaka.

Kitu kingine cha nje ambacho sikukitegemea ni uzuri. Kijiji cha usiku ukikiona toka juu ya kilima, ni vidoa vya rangi ya chungwa vimetawanyika katikati ya hakuna kitu. Ziwa la lava lililoko mlimani, ambalo zamani lilikuwa kero la kuunguza vifaa, sasa ni alama ya njia: nikiliacha mkono wa kushoto najua naelekea nyumbani. Na buibui! Macho ya buibui kwenye gemu yamechorwa kuwaka yenyewe, hayategemei mwanga wa mahali, kwa hiyo modi haiyazimi. Unasimama kizani, mbele yako mwili huoni, unaona vidoa vyekundu tu, na vidoa vinasogea.

Sasa mapangoni, ambako ndiko modi inakolipa.

Mwenge wa kawaida una mwanga wa kiwango cha 14, na kila bloku moja unayokwenda mbali nao kiwango kinashuka kwa 1. Tangu toleo la 1.18, la mwishoni mwa 2021, mazimwi ya dunia ya kawaida hayazaliwi mahali popote penye mwanga wa bloku hata kidogo. Ni sifuri tu. Zamani yalikuwa yanazaliwa mpaka kiwango cha 7, ndiyo maana wakongwe wana ugonjwa wa kupandika mienge kila hatua mbili. Tatizo ni kwamba ukiwa na kitelezi chako kulia, tofauti ya sifuri na tatu huioni kwa macho. Inabidi ubonyeze F3 usome tarakimu, ukipima pango sentimita kwa sentimita utadhani fundi wa umeme. Kwa modi hii tarakimu sizihitaji. Pembe ambayo jiwe bado naliona, hata kwa tabu, imeshika. Pembe iliyozama kabisa, hapo ndipo watakapotokea. Ule weusi unakuambia ukweli, na mienge naitumia michache kuliko zamani ingawa nahisi naithamini mara kumi.

Na ndiyo maana nasema mwenge umepata kazi. Makaa ya mawe yalikuwa kitu cha kujaza masanduku. Sasa nikishuka nahesabu: mienge kadhaa ya kwenda, yote naiweka ukuta wa kulia, ili wakati wa kurudi niione kushoto na nijue sijapotea. Hiyo mbinu ni ya zamani, kila mchezaji ameambiwa, na karibu kila mchezaji huiacha kwa sababu njia unaiona hata bila hiyo. Hapa ukiiacha umekwisha. Nimeanza hata kushukuru vitu ambavyo nilikuwa nakata bila kuangalia: ukoga unaong'aa ukutani, ambao mwanga wake ni 7, na matunda yanayowaka yanayoning'inia kwenye mapango yenye majani, ambayo ni 14 kama mwenge na hayahitaji makaa.

Halafu kuna suala la kinachoua. Ungedhani ni mazimwi. Kinachoua ni ardhi. Mapango ya tangu 1.18 ni makubwa, yana magenge ya kushuka bloku nyingi mpaka chini kabisa, na ukingo wa genge kizani hauna tofauti na sakafu. Unakanyaga, kimya kidogo, halafu ujumbe wa kifo. Lava ambayo kila mtu anafundishwa kuiogopa imegeuka kuwa ndugu, kwa sababu lava ina mwanga wa 15 na inajitangaza. Maji hayajitangazi kwa macho ila kwa sikio. Nimejifunza kusimama na kusikiliza: maji yanatiririka huku, lava inatoa mapovu kule, popo analia juu, mifupa ya Skeleton inagongana nyuma ya ukuta. Gemu hii ina sauti nyingi nzuri ambazo nilikuwa nazifunika na redio.

Hedifoni zangu zina upande mmoja uliokufa, kwa hiyo sauti zote kwangu zinatokea kulia. Kwa kiza hiki huo ni msiba. Kilichoniokoa ni chaguo lililoko kwenye gemu yenyewe, la kuonyesha sauti kwa maandishi: pembeni mwa kioo kinatokea kisanduku kidogo kinachotaja kilicholia, na mshale wa upande kilikolilia. Liliwekwa kwa ajili ya wasiosikia vizuri. Mpwa wangu anasema ni wizi. Mimi nasema hedifoni aninunulie yeye.

Ila kuna mmoja ambaye maandishi hayamtaji mapema: Creeper, zimwi la kujilipua. Zombi anaguguma, Skeleton anakwaruza, buibui anafoka. Creeper akiwa anazurura hana neno. Sauti yake ya maana ni ule mlio wa utambi, na kutoka mlio mpaka mlipuko ni sekunde moja na nusu. Kwenye mwanga hiyo inatosha kurudi nyuma. Kwenye kiza unarudi nyuma kwenda wapi? Dawa niliyoipata ni paka. Creeper anawakimbia paka, ndivyo alivyoumbwa, na paka uliyemfuga anakufuata popote. Sasa nashuka mgodini na paka mweusi ambaye mimi mwenyewe simwoni, namsikia tu akilia nyuma yangu. Mpwa wangu alicheka mpaka akaita mama yake aje aone. Lakini tangu nianze kutembea naye sijalipuliwa, na paka haumii akianguka, ambayo siwezi kusema juu yangu.

Jambo la kujua kabla hujaiweka: modi inafanya kazi kwenye kompyuta yako peke yako. Inabadilisha unachokiona wewe, haibadilishi dunia. Mkicheza wawili, mwenzako asiye nayo anaona kama kawaida. Tulijaribu siku ya Jumapili, laptop mbili kwenye meza moja, mimi nayo, yeye hana.

"Shangazi, mbona umesimama?"

"Naangalia njia, baba."

"Njia si hiyo hapo mbele yako? Pana kabisa."

Nikaenda mbele, nikagonga ukuta. Akaniambia kulia kidogo, nikaenda kulia kidogo, nikatumbukia majini. Baadaye nikashangaa pango limekuwa jeusi nyuma yangu wakati najua nimeweka mienge njia nzima. Nikageuka: mmoja uliobaki kwa mbali ukazimika nikiutazama. Alikuwa ananifuata kimya kimya anaing'oa na kuitia kwenye begi lake. Nikamwambia atarudisha yote na riba. Mchezo ule haukuwa wa haki hata kidogo, na sikumbuki lini nimecheka vile na huyu mtoto tangu awe na simu yake. Kwa hiyo kama mna kikundi na mnataka changamoto ya kweli, wekeni wote. Kama mnataka vituko, aweke mmoja.

Zimwi Warden lazima nimtaje. Aliingia kwenye gemu na toleo la 1.19 mwaka 2022, anaishi chini kabisa kwenye Deep Dark, na ni kipofu kwa asili yake, kabla ya modi yoyote. Anawinda kwa mitetemo na kwa kunusa. Ana uhai wa 500; mchezaji ana 20. Watengenezaji walipomweka waliona giza la gemu halitoshi, wakambunia athari ya pekee inayofifisha macho ya mchezaji kwa mapigo. Yaani wenyewe wanajua. Ukiwa na True Darkness huko chini, mambo yanakuwa sawa baina yenu kwa namna ambayo sijaiona kwenye gemu nyingine: yeye haoni, mimi sioni, tunasikilizana. Natembea nimechuchumaa ili nisitoe mtetemo, naweka sufu sakafuni kwa sababu sufu inameza mshindo, na siweki mwenge kwa sababu kuweka bloku kunasikika na sculk, vile vihisi vya mtetemo vya huko. Kwa hiyo hata taa yangu ni kelele. Moyo wake unadunda na unausikia, taratibu akiwa hana habari, haraka akishakunusa. Nilikaa nyuma ya nguzo nikisikiliza ule mdundo mpaka chai ikapoa pembeni, na taa za buluu za mji wa kale ulioko huko chini zikiwaka mbali pasipo kunisaidia kitu. Kama ungetaka sababu moja ya kuiweka modi hii, ndiyo hiyo.

Sasa lawama. Modi inaweza kutia kiza kila dunia ya gemu: ya kawaida, Nether ya moto, na The End ya visiwa vinavyoelea. Kila moja ina swichi yake kwenye faili la mipangilio, na nashauri uzitafute mapema. Nether yenyewe ina bahari za lava, kwa hiyo ufukweni unaona. Ila ingia ndani kwenye bonde la mchanga wa roho, ukungu juu ya kiza, na Ghast, zimwi linaloruka, analia usijue yuko juu au chini. Hapo ugumu unaacha kuwa wa kufikiri unakuwa wa kubahatisha. Nimeizima huko, na sioni aibu.

The End ni kichekesho kingine. Wakaaji wake ni Enderman, ambao ukiwatazama machoni wanakushambulia. Macho yao, kama ya buibui, yanawaka yenyewe. Kwa hiyo umesimama juu ya kisiwa kinachoelea kwenye utupu, ukingo huuoni, na kitu pekee kinachoonekana pande zote ni kile ambacho umekatazwa kukitazama. Nilicheka, kisha nikatumbukia utupuni, kisha nikafungua faili la mipangilio. Na msisahau gemu ina dawa yake ya Enderman, boga lililochongwa unalovaa kichwani, ambalo nalo linakuziba macho ukaona kwa vitundu vyake tu. Boga juu ya True Darkness ndani ya The End: sijajaribu, na atakayejaribu anihadithie.

La pili, mwenge mkononi. Kwenye Minecraft ya kawaida mwenge ulioushika haumuliki chochote mpaka uupachike ukutani. Ni sheria ya ajabu ambayo tumeizoea, lakini kizani namna hii inaudhi: umeshika moto na huoni miguu yako. Watu wengi huongeza LambDynamicLights, na kwa modi hiyo mwenge unamulika kwa kuushika, hata ukiutupa shimoni unaangaza unapoangukia. Mimi nimecheza kwa njia zote mbili. Ukiiongeza unapata matembezi mazuri na picha nzuri za kupiga, lakini ule uchumi wa mienge unakufa, kwa sababu mwenge mmoja mkononi unamaliza kazi ya sitini. Nimeitoa. Kwa dharura natengeneza dawa ya kuona usiku kwa karoti ya dhahabu. Ile ya kawaida inadumu dakika 3, ukiongeza redstone, ule unga mwekundu wa kuchimbwa, inafika 8. Ni ghali kiasi cha kutosha kuifanya iwe dharura kweli.

La tatu si kosa la modi. Ni kioo. Laptop za bei yetu hazina weusi wa kweli. Zina kijivu, na kijivu hicho kinabadilika ukiinamisha kioo. Mchana ni bure kabisa. Nilijaribu saa nane mchana, dirisha liko nyuma yangu, nikashuka pangoni: nilichokiona ni uso wangu, kilemba, na nyuma yangu pazia na kalenda ya ukutani. Nikapigana na Skeleton nikilenga katikati ya paji langu. Funga dirisha, zima taa ya chumba, punguza mwangaza wa kioo chenyewe uwe wa kati. Usiupandishe, ukiupandisha unarudi kwenye kitelezi kile kile kwa mlango wa uani.

Kwa mtoto mdogo anayeanza simpi. Atapotea kwa hasira kabla hajajifunza kujenga nyumba. Kwa aliyecheza miaka, mwenye masanduku yamejaa almasi na hana tena kinachomtisha, hii ni zawadi, na haikulazimu uanze dunia mpya: iweke juu ya ile ile uliyoijenga, usiku uende kwenye ngome yako unayojidai umeiwekea taa za kutosha. Yangu ilikuwa na ghala zima la nyuma ambalo halikuwa na mwenge hata mmoja.

Wa simu na wa PlayStation, mnaniuliza kila nikiandika kuhusu modi: hapana. Mnachocheza ni Bedrock, aina nyingine ya Minecraft, na modi za Fabric ni za Java kwenye kompyuta tu.